Macho Yasiyo na Pazia

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia, nao malenga wa mwambao wakalisifu jicho la kungu, lile legevu lenye kulewesha, hata likawa pambo la mashairi ya mahaba. Kwa mshairi, jicho ni kitabu, na kila mpenzi hujiona msomaji hodari. Lakini bara, katika nchi ya Wasukuma, jicho hilo hilo lilisomwa kwa hofu, na waliosomwa vibaya walilipa kwa roho zao.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mbuga pana. Miti mingi ilifyekwa tangu zama za ukoloni ili mbung'o watoweke na mashamba yapanuke; kuni zikawa adimu, na wapishi wengi wakageukia mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Mwanamke aliyeinamia moshi huo maisha yake yote huzeeka na macho mekundu, na wekundu huo ndio ulioitwa ushahidi wa uchawi. Mwanazuoni Simeon Mesaki aliandika kwa kirefu juu ya mauaji ya vikongwe wa Usukuma. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba lililotamaniwa na jamaa.

Moshi si sababu pekee ya jicho kuwa jekundu. Ipo trakoma, na yapo maradhi yaliyojificha zaidi, yatokanayo na tezi ya shingo. Tezi hiyo, yenye umbo la kipepeo, hutoa homoni zinazoendesha kasi ya mwili. Hutokea kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni ulinzi, ikapotewa na kumdhania mwenye nyumba kuwa mwizi. Huichokoza tezi ikafanya kazi kupita kiasi: moyo huenda mbio, mikono hutetema, mwili hukonda. Kisha hushambulia nyama zilizo nyuma ya jicho, kwa kuwa nazo zina alama kama ile ya tezi. Misuli na mafuta huvimba. Na kwa kuwa tundu la jicho ni la mfupa usiotanuka, jicho husukumwa nje. Kope la juu hupanda, pengine lisifunge hata usingizini. Jicho hukauka, hutoka machozi, huwa jekundu. Wengine huona kila kitu viwili. Hapo methali huwa kweli ya mwili.

Elimu hii si ya jana. Tabibu wa Kiajemi Ismail al-Jurjani, katika karne ya 12, aliyahusisha rovu na macho yaliyotokeza. Robert Graves wa Dublin akaueleza ugonjwa huo mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na sigara huuzidisha. Kipimo cha damu huifichua tezi iliyoasi. Matone hulilinda jicho lililokauka. Dawa za kutuliza kinga hupunguza uvimbe, hasa zikianza mapema, kabla ya makovu. Rangi zikianza kufifia machoni pa mgonjwa, hapana kungoja: mshipa wa fahamu wa jicho umebanwa, na upofu waweza kufuata. Kwa watu wa Simiyu, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza.

Vikongwe wale hawakupimwa damu. Walitazamwa usoni tu. Malenga wa visiwani, waliozoea kulisifu jicho la msichana, wana deni la beti kwa jicho la bibi kizee pia, ili likionekana jekundu lipelekwe kwa tabibu kabla ya habari zake kufika kwa mpiga ramli.