Mabomba Yasiyo na Ramani

Nyumba nyingi za huku kwetu Kimara zimejengwa kwa kudunduliza. Mtu anaanza na vyumba viwili na uani, akipata kidogo anaongeza sebule, watoto wakikua anaweka choo cha ndani, na jiko linahama kutoka nje likiwa la mwisho. Mabomba nayo hufuata mwendo huo huo. La kwanza lilikuwa la chuma, la nusu inchi. Likaja kuungwa na la plastiki. Kisha fundi mwingine akaleta PPR, yale yanayounganishwa kwa mashine ya moto, akayapitisha njia aliyoona ni fupi. Plasta ikapigwa, vigae vikabandikwa, fundi akaondoka na ramani yote kichwani mwake. Ninaishi katika nyumba ya namna hiyo, na imenichukua muda mrefu kukubali kwamba siijui.

Siijui kwa maana ya kawaida kabisa. Ungeniuliza ni dirisha gani halifungi vizuri wakati wa masika, ningekujibu nikiwa nimefumba macho. Ungeniuliza maji ya bafuni yanapita wapi hadi kufika bafuni, ningekuonyesha ukuta mzima kwa mkono.

Kilichoniamsha ni ukuta wa chumba cha kulala. Rangi ilianza kuvimba karibu na sakafu, ikabanduka, na chini yake pakatokea unga mweupe, ile chumvi ambayo maji huiacha yakikaukia kwenye saruji. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kubomoa pale pale penye unyevu. Simlaumu, mtu ameitwa kwenye ukuta uliolowa, atashughulika na ukuta uliolowa. Wa pili alikuwa mtu mzima, na hata mfuko wake wa vifaa hakuufungua. Aliniuliza, "Mama, mita yako inasemaje usiku?" Nikakaa kimya, maana mita nilikuwa naikumbuka bili inapokuja tu.

Alinielekeza, na mpaka leo naona hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwenye nyumba angepaswa kulijua kabla hajashika nyundo. Kwa sisi tunaotumia tenki, nyumba ina sehemu mbili za kuchunguza. Ya kwanza ni bomba linalotoka kwenye mita hadi kwenye tenki. Unafunga koki ya kuingilia kwenye tenki, maana boya likiwa limeshuka maji yataendelea kuingia na mita itazunguka bila kosa lolote. Kisha unakitazama kile kigurudumu kidogo cha mita. Lazima maji ya mtaani yawe yanatoka, la sivyo hujapima kitu. Kikizunguka, maji yanapotelea njiani, chini ya ardhi. Sehemu ya pili ni kuanzia kwenye tenki kuja ndani. Huko mita haioni. Unazuia maji kuingia, unafunga koki zote za nyumba, unatumbukiza fito ndani ya tenki na kuweka alama pale ilipolowa, halafu unalala. Asubuhi unaitumbukiza tena.

Mita yangu ilitulia. Alama ya fito ilikuwa imeshuka.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya subira tu: kufunga njia ya choo usiku huu na kupima, kufunga ya jikoni usiku mwingine na kupima. Mwisho uvujaji ulipatikana bafuni, nyuma ya ukuta, pale bomba la chuma lilipokutana na la plastiki. Maji yalikuwa yakitambaa kwenye mgongo wa bomba na kushuka polepole hadi chumba cha pili. Hayakuwa na sauti. Fundi alinieleza kwamba maji yanahitaji kimo cha meta 10 ili yapate presha ya baa 1, na tenki langu limekaa juu ya mnara wa meta 3 hivi. Kwa presha ndogo namna hiyo bomba haliwezi kurusha maji wala kuvuma. Linalia ndani kwa ndani. Nimeyafikiria sana maelezo hayo, na sijui kama ningeyaelewa endapo tungekuwa tumeshabomoa ukuta wa chumba cha kulala kwanza.

Uvujaji wa upande wa mita una hatari nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Maji yetu ya Kimara yanatoka mto Ruvu, yanasafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi, na yanafika kwa mgao. Mwaka 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, mgao ukawa mkali jijini kote. Siku maji yakikatika, bomba hubaki tupu, na utupu huo huvuta. Tundu linalotoa maji leo, kesho linaweza kuingiza maji machafu ya ardhini, pengine ya jirani na shimo la choo. Zamani niliuona uvujaji kuwa hasara ya pesa: kuanzia kwenye mita kuja ndani ni juu yangu, uniti moja ni lita 1,000, na zinazopotea nazilipia zote. Sasa naona ni suala la kile watoto wanachokunywa. Kama kuna kitu cha kumwita fundi bila kungoja mwisho wa mwezi, ni hicho.

Mengine ni madogo, na nimeanza kuyaweza mwenyewe. Choo kinaweza kupoteza maji usiku kucha bila mtu kusikia, kwa sababu ya mpira uliochoka chini ya tenki lake dogo. Mimi humimina chai ya rangi nzito ndani ya tenki hilo, na kwa nusu saa hakuna anayeruhusiwa kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, nanunua mpira mpya. Koki inayodondosha tone kila sekunde inadondosha matone 86,400 kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha washa tu, ilimradi umefunga maji kwanza. Kuhusu sinki la jikoni, mafuta ya kukaangia tumeacha kuyamwaga humo. Likiziba, nafungua kile kipande kilichopinda chini yake, ndoo ikiwa imetegwa, badala ya kumimina dawa kali ambazo baadaye zitamrukia fundi usoni.

Bafu la wageni lilikuwa na harufu kwa muda mrefu. Nilisugua, nikaweka dawa, nikawashuku panya. Kumbe kile kipande kilichopinda chini ya tundu la sakafu huwa kinashika maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizuizi cha hewa ya shimo. Bafu lisipotumika, hukauka. Jagi moja la maji lilimaliza tatizo. Nilifurahi, halafu nikahuzunika kidogo, kwa sababu harufu ile ilikuwa inanieleza ni kwa muda gani hakuna mgeni aliyelala kwetu.

Sasa nina daftari la shule lenye michoro ya mabomba yote ninayoyajua. Fundi akifungua ukuta, namwomba asipige plasta kabla sijapiga picha na kupima umbali kutoka kwenye kona. Mwanzoni fundi yule mtu mzima alidhani namkagua, na akawa mkimya kidogo. Siku hizi ananiita mwenyewe: "Mama, njoo uone huku kabla sijafunga." Bado sijui mpaka uko wapi kati ya kuijua nyumba na kumnyima mtu imani ya kazi yake. Najaribu kuuliza kabla ya kupima, na kupima bila kulaumu. Koki kubwa za kufungia nazizungusha kila baada ya miezi michache, maana zikikaa bila kuguswa hushika kutu, na utazitaka siku bomba limepasuka.

Moja bado sijaiweka kwenye daftari. Iko nyuma ya jiko, ndani ya kisanduku cha tofali, na nikiifunga hakuna kinachobadilika ndani kwangu. Jirani anasema zamani viwanja vyetu vilichangia bomba moja, kwa hiyo huenda inazuia maji ya kwake. Tumekubaliana kwamba siku maji yatakapotoka mchana, atafungua koki zake zote, mimi nitaifunga hii, na mwanawe atasimama kwenye uzio atuambie kama yamekatika.