Feri ya Likoni Wakati wa Kombe la Chalenji

Mombasa ni kisiwa, na mtu atokaye Tanga kwa njia ya Lunga Lunga hawezi kulisahau jambo hilo. Mwezi wa Desemba 2013, robo fainali za Kombe la Chalenji zilipochezwa katika uwanja wa manispaa wa mji huo, barabara ya Dongo Kundu ilikuwa haijajengwa bado. Mpenzi wa mpira aliyetoka kusini alikuwa hana budi kushuka Likoni na kuingoja feri.

Mahali pale hapana mkubwa wala mdogo. Karani mwenye mkoba, mama mwenye kapu la samaki, na shabiki aliyejifunga bendera ya nchi yake, wote husimama nyuma ya lango mpaka chombo kitie gati. Aendaye kwa miguu halipi nauli. Kwa kuwa ng'ambo huonekana karibu mno, mgeni hushangaa kwa nini watu wazuiliwe. Mwenyeji hashangai. Aikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, iliyoruhusiwa kuchukua watu 300, ilipopakia zaidi ya 400 ikapinduka karibu na pwani. Watu 272 walikufa.

Akisha kuvuka, mgeni aweza kutembea Mji wa Kale kabla ya mchezo. Huko ataiona Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, na vichochoro vyenye milango ya nakshi. Jioni hunywewa kahawa chungu kwa kashata, na barazani ndipo mpira huchezwa mara ya pili, kwa maneno.

Mwaka ule maneno hayakukosekana. Tanzania ilitoka sare 2-2 na Uganda, kisha ikashinda kwa penalti, hata mabingwa wa mwaka uliotangulia wakatolewa. Tarehe 12 Desemba, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50 ya uhuru, timu yake iliifunga Sudan 2-0 huko Nairobi, ikalitwaa kombe.

Lakini mshindi na mshindwa wa kusini wote njia yao ya kurudi ilikuwa moja, nayo ilikuwa feri. Basi mwenye akili huingoja zamu yake, hata kama kipenga ki karibu kulia. Akizikosa dakika kumi za mwanzo, atasimuliwa barazani. Akiukosea mguu gatini, hakuna wa kumrudishia uhai wake.