Waya wa Shibiri Moja

Mimi ndiye niliyeutia ule waya. Hakuna aliyenituma, na mwenye haki ya kunikataza hakujua. Ulikuwa waya wa manjano, haufiki hata shibiri, nimeupitisha baina ya pini mbili ndani ya paneli ya chila.

Chila, kwa asiyeijua, ndiyo mashine inayopoza maji yanayozungushwa na pampu katika jengo zima. Maji hutoka na nyuzi 7 hivi, yakapita kwenye vipoza hewa vya kila ghorofa, yakarudi na 12 au 13. Anayeamua mambo yote ni kidhibiti cha elektroniki: husoma joto la maji, shinikizo la gesi na umeme unaovutwa na kompresa, kisha huongeza au kupunguza kazi. Na ipo swichi ya mtiririko, ulimi wa bati uliozama ndani ya bomba. Maji yakipita huusukuma, kidhibiti kikajua yanatembea. Yakisimama, ulimi hurudi na chila huzimwa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mle, ndiyo maana watu kama mimi tunakidharau.

Jengo letu lipo Bustan, Muscat, pale mlima ulipoibana bahari, si mbali na mzunguko walipoliweka Sohar, lile jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, likasafiri kutoka Muscat hadi China mwaka 1980 na 1981. Nikilipita nalionea wivu. Sisi wenye vyuma, hewa ya chumvi inatula.

Ikaila ile swichi. Kiangazi kilipopamba moto ikaanza kukata ovyo: maji yanakwenda, pampu nzima, lakini chila inazima. Na chila ikizima hairudi papo hapo, kwa sababu kidhibiti huizuia kompresa dakika kadhaa ili mota isiungue kwa kuwashwa-washwa. Ikirudi, maji yamekwishapata joto. Nje ni zaidi ya nyuzi 40, na mpangaji aliyelowa jasho hataki hadithi za kutu. Nilisafisha, ikarudia. Nikasafisha tena. Alasiri moja nilichoka, nikaiunga dairekti kwa ule waya wa manjano. Nitaibadilisha kesho, nilijiambia.

Swichi mpya niliiagiza. Ikaja, nikaitilia saini, nikaiweka kwenye rafu ndani ya boksi lake. Chila haikuzima tena hata mara moja, na meneja wa jengo akanisifu mbele ya watu. Sifa nikazipokea.

Fundi unayesoma hapa, usinicheke haraka. Kwanza kafungue paneli zako.

Ikafika Januari, usiku wa nyuzi 18 au karibu yake. Simu ikalia. Kijana wa zamu ni mzaliwa wa Muscat, wazee wake wa Unguja kama wangu, na huniita Ami.

“Ami, chila imekata. Inaandika shinikizo dogo.”

“Maji yanapita?”

“Skrini inasema yanapita. Na pampu inasema inawaka.”

“Basi baridi hiyo. Msimu huu gesi hulala. Bonyeza riseti.”

“Lakini nimeona bar 1.6, Ami.”

“Bonyeza riseti, mwanangu.”

Alipiga tena. Nikamjibu yale yale. Kisha nikalala, tena usingizi mzuri.

Kumbe kapulingi inayoshikanisha mota na pampu ilikatika. Mota ilizunguka peke yake, maji yamesimama. Skrini iliandika kwamba pampu inawaka kwa sababu yenyewe hutazama kontakta tu, ile swichi inayoipa mota umeme, na kontakta ilikuwa imeshika. Ulimi wa swichi ulianguka kama inavyotakiwa. Usiku ule, swichi niliyoiita mbovu ilikuwa ya kweli, ila waya wangu ulijibu kwa niaba yake. Sensa ya joto nayo ilikaa kwenye bomba la kutokea, ndani ya maji yaliyosimama yakipata joto polepole, ikakiambia kidhibiti kwamba maji bado ya moto. Kidhibiti kikaisukuma kompresa zaidi. Lililobaki kusema ukweli ni shinikizo. Gesi ya R-134a ikishuka chini ya bar 1.9 kwenye geji, iko chini ya nyuzi 0. Bar 1.6 ni barafu. Hesabu hiyo naijua tangu nikiwa mwanafunzi, na kijana alinitajia kwa mdomo wake.

Asubuhi nilipanda juu ya paa, nikainamia kioo kidogo kilicho kwenye bomba la gesi. Ndani yake mna kidoa: gesi ikiwa kavu huwa kijani, ikiingia maji hugeuka njano. Kilikuwa njano. Nikakipangusa kioo kwa ukosi wa shati nikidhani uchafu. Njano vilevile. Maji hayafiki pale mpaka mirija ya evaporeta, pale gesi inapoyapoza maji, ipasuke, na haipasuki kwa barafu maji yakiwa yanatembea. Na maji si yalikuwa yanatembea? Nikafungua paneli kuangalia pini za mtiririko. Waya ukanitazama.

Sikuwa nimeusahau. Nilikuwa nimeacha kuuona. Usiku ule nililiuliza swali lenyewe hasa, maji yanapita, na aliyenijibu ni mimi mwenyewe wa kiangazi.

Nikauchomoa, nikautia mfukoni. Hili ndilo baya kuliko yote. Kwenye kikao kijana aliulizwa kwa nini aliriseti, naye akajibu kwa adabu kwamba aliagizwa, bila kutaja aliyemwagiza. Wakaanza kumwandikia onyo. Kalamu ikiwa inakwenda ndipo nilipoutoa waya na kuuweka mezani. Ningependa kusema sikusita.

Mirija ilikuwa imepasuka, maji yamefika kwenye kompresa, mafuta yametoka meupe kama maziwa, na mota, ambayo hupozwa na gesi hiyohiyo, imeungua. Ilibidi kununua kompresa mpya, kubadilisha mirija na vichujio, na kuuvuta unyevu kwa pampu ya vakyumu siku baada ya siku. Chila ya pili ililibeba jengo peke yake mpaka joto lilipokaribia kurudi. Bonasi sikupata. Gharama yote haingelipika kwa mishahara yangu ya miaka.

Mipangilio ya kidhibiti sasa imefungwa kwa neno la siri, na paneli ina kufuli. Vyote viwili amekabidhiwa yule kijana. Nikitaka kugusa kitu nampigia simu, naye huniuliza kwanza ninataka kufanya nini.