Mfereji wa maternite tuliuchimba mara mbili

Wengi wenu mnatuuliza kwa nini mfereji wa hospitali tuliuchimba mara mbili. Tuseme ukweli.

Hospitali yetu iko kwenye mteremko, kama sehemu kubwa ya Bukavu. Mvua ikianza mwezi wa tisa, maji ya paa la maternite yalikuwa yanapita kando ya choo na kuingia mpaka chumba cha wazazi. Mama aliyezaa usiku alipandisha viatu vyake kitandani. Basi tulifanya salongo, tukachimba siku moja, tukala sombe, tukarudi kwetu na furaha.

Mvua ya kwanza, maternite ilibaki kavu. Lakini maji yote yalimshukia mjane anayekaa chini yetu, yakabomoa ukuta wa jiko lake. Hakututukana. Alituita tu, akatuonyesha matofali yaliyogeuka matope. Tulinyamaza.

Hapo ndipo tulianza kuhesabu, jambo la kufanya mbele ya kushika jembe (na kati yetu kuna walimu!). Milimita 1 ya mvua juu ya metre 1 ya mraba ni litre 1 ya maji. Paa lina metre 20 kwa 10, ni 200 za mraba. Mvua ya milimita 30 inatoa litre 6 000, ni kusema mapipa 30 ya litre 200. Mapipa hayo tulikuwa tumemwagia mjane mmoja.

Sisi tulitaka kuchimba shimo kubwa la kumeza maji. Fundi alikataa: kwenye mteremko, udongo ukinywa maji mengi unakuwa mzito na unateremka pamoja na nyumba. Basi maji ya paa yanaingia kwanza katika tangi, ya kufulia mashuka. Yanayobaki yanapita mfereji wa mawe, mbali na choo, mpaka mfereji wa barabara. Kila metre inashuka sentimetre 1. Tulipima kwa mpira mwangaza uliojaa maji, maana maji ya ncha mbili yanasimama sawasawa. Penye mteremko mkali tulijenga ngazi ili maji yapoteze nguvu, na pembeni tukapanda matete.

Matofali ya jiko tulichanga. Sasa yule mama ndiye anayetupigia simu majani yakiziba mfereji. Jana amepiga. Tukutane siku ya posho saa moja asubuhi, na machepe.