Ijumaa moja Salvador, na majina aliyoyataka baba



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, leo naomba nafasi nisimulie safari moja ya wanafunzi. Ni safari ya matembezi tu, ya kuona mji. Lakini kuna jambo nililikuta huko ambalo nimelibeba miaka yote hii na sijapata pa kuliweka.

Mimi kwetu ni Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, karibu na mto Ruvuma. Baba yangu ni mwalimu wa chuo, yaani chuo cha Qur'ani, cha mkeka na ubao. Alhamdulillah nikapata nafasi ya kusoma Brazil, katika chuo kikuu kinachochukua wanafunzi kutoka nchi za Kiafrika zinazotumia Kireno: Angola, Guinea-Bissau, Cabo Verde, São Tomé na sisi wa Msumbiji. Tawi letu lilifunguliwa mwaka 2014 katika mji mdogo wa São Francisco do Conde, jimbo la Bahia, nalo linaitwa Campus dos Malês. Nilikaa mwaka mzima nikiliandika jina hilo juu ya kila karatasi ya mtihani bila kuuliza Malês ni nani. Nilidhani ni jina la mto au la kabila.

Niseme na jingine, maana kuficha hakuna faida. Kuanzia Oktoba 2017 habari za Cabo Delgado zilikuwa ni mauaji na vijiji kuchomwa, na waliofanya hayo walijiita Waislamu. Wenzangu darasani waliponiuliza natoka wapi, nikitaja jina la jimbo naona macho yanabadilika. Hakuna aliyenitukana. Lakini taratibu mtandio wangu niliacha kuuvaa kama alivyonifunga mama, nikawa naufunga kilemba juu, shingo wazi, kama wanavyofunga wasichana wengi wa Bahia. Nikaonekana mmoja wao. Swala nazo zikaanza kurundikana, Alfajiri naiswali saa mbili asubuhi, na mara nyingine hata hiyo sikuiswali.

Basi mwaka 2019, Ijumaa moja, mwalimu wetu wa historia akatupeleka Salvador na basi la chuo. Tulikuwa kama thelathini. Gauni langu safi lilikuwa moja tu, jeupe, nikavaa hilo na kilemba cheupe.

Tulianzia mji wa chini, sokoni Mercado Modelo, tukapanda kwa Elevador Lacerda. Hii ni lifti ya mjini, imekuwepo tangu 1873, inapandisha watu mita 72 kutoka bandarini hadi mji wa juu, na nauli wakati ule ilikuwa senti 15. Wa Angola walipanda na kushuka mara tatu, eti kwa bei hiyo ni dhambi kuacha! Juu ukitazama unaiona ghuba yote, maji yametulia, mashua zimesimama. Nikakumbuka nyumbani mpaka koo likanikaba.

Pale uwanjani palikuwa na mama mmoja anauza acarajé. Wapenzi wasomaji, acarajé ni bajia za kunde, hizi hizi zetu, isipokuwa ni kubwa kama ngumi, zinakaangwa kwa mafuta ya mawese na kujazwa kamba. Yule mama alikuwa amevaa nguo nyeupe tupu kama mimi. Akaniangalia kwa mapenzi, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nyumba ya nani?" Sikuelewa. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe Ijumaa Bahia ni siku ya kuvaa nyeupe kwa watu wa Candomblé, dini ambayo Waafrika walikuja nayo utumwani, na yule mama alitaka kujua niko chini ya nyumba gani ya ibada. Nami badala ya kusema mimi ni Muislamu, nikatabasamu tu, nikalipa, nikaondoka na bajia yangu.

Aliyeona ni Mfulani mmoja wa Guinea-Bissau, kijana mpole asiyeacha swala. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Mtembezaji wetu alikuwa na maneno mengi. Akatupitisha Pelourinho, mitaa ya mawe yenye nyumba za kila rangi, akatueleza kwamba mji ulianzishwa 1549 na ulikuwa makao makuu ya nchi hadi 1763. Pelourinho maana yake ni nguzo ya kuchapia viboko. Hilo alilisema haraka sana, akahamia kwenye kanisa la São Francisco ambalo ndani limepakwa dhahabu kila mahali. (Mwezi Februari 2025 sehemu ya dari la kanisa hilo ilianguka ikaua mtalii mmoja. Niliposikia nikakumbuka tulivyosimama chini yake tumeinua shingo.)

Ilipokaribia saa sita, yule Mfulani akamwomba mwalimu ruhusa aende swala ya Ijumaa, kuna msikiti mdogo mtaa wa Nazaré. Mwalimu akasema, "Vizuri, basi twende sote kwa miguu, maana njia yenyewe ndiyo somo langu la leo." Yeye si Muislamu. Akamwacha mtembezaji apumzike, akaturudisha pale pale penye lifti.

Akatuonyesha jengo la baraza la mji. "Hapa chini palikuwa jela," akasema. "Mwaka 1835 alifungwa humu mzee mmoja mtumwa, anaitwa Pacífico Licutan. Hakuiba wala hakupiga mtu. Bwana wake alikuwa na madeni, kwa hiyo mzee akashikwa kama mali, angojee kupigwa mnada. Watu wake walichanga fedha za kumkomboa mara mbili, bwana akakataa."

Kisha akatueleza Malês ni nani. Ni neno la Kiyoruba, maana yake Waislamu. Walikuwa Wayoruba na Wahausa, watumwa na walioachwa huru, wabeba mizigo, mafundi, wachuuzi. Usiku walikusanyika kufundishana kusoma na kuandika Kiarabu, katika mji ambao mabwana wengi hawakujua kuandika hata majina yao. Mwisho wa Ramadhani, usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, walikuwa wamepanga kuinuka alfajiri. Siri ikavuja. Askari wakaizingira nyumba moja ya mteremko wa Ladeira da Praça, nao wakatoka kabla ya wakati, wakakimbilia jela kumtoa mzee wao. Hawakuweza. Walipigana mitaani hadi Água de Meninos, kule chini baharini, wakashindwa na wapanda farasi. Waliokufa ni zaidi ya sabini.

Tuliushuka mteremko huo huo. Saa chache kabla tulikuwa tumepita kichwani pake tukipiga picha.

Njiani mwalimu akatoa kwenye mkoba picha za karatasi walizokamatwa nazo, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za serikali ya Bahia. Akaniuliza kama naweza kusoma. Mkono wangu ulitetemeka. Ilikuwa Bismillahi, na aya ambazo nilizihifadhi nina miaka saba. Herufi nyingine zimepinda, kama za mtoto anayejifunza. Karatasi hizo zilikunjwa zikatiwa ndani ya ngozi, zikavaliwa shingoni. "Ni hirizi," nikasema kwa sauti. Akasema pia polisi walikamata mbao za kuandikia, na kwamba walikuwa wakiandika aya juu ya ubao, wakiosha wino kwa maji na kuyanywa. Nikasema, "Hilo ni kombe. Baba yangu anafanya hivyo." Wote wakageuka kuniangalia, wa Angola, wa São Tomé, wote.

Mmoja akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa: hawa na wale wa kwenu wanaochoma vijiji, tofauti ni nini? Nilimjibu kwamba hawa walikuwa wanamtoa mzee jela, na wale wanawaua wazee wetu msikitini. Sijui kama lilitosha. Lakini nilijibu.

Tulipita Campo da Pólvora, ambapo leo kuna kituo cha treni za mjini. Wanne walipigwa risasi hapo tarehe 14 Mei 1835. Walihukumiwa kunyongwa, ila hakupatikana mtu wa kukubali kuwa mnyongaji. Wengine walichapwa viboko, wengine wakarudishwa Afrika. Mzee Licutan alipoulizwa jina na hakimu alijibu kuwa anaitwa Bilal. Hakimu akasema anajua jina lake ni Licutan. Mzee akajibu kwamba ni kweli, lakini yeye ana haki ya kujiita jina alitakalo.

Kabla ya kuingia msikitini nilikifungua kilemba nikajifunga mtandio upya. Hakukuwa na kioo, nikamwuliza mwalimu kama nimekaa sawa.

Usiku nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo umekumbuka watu?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye ubao na wino alininyamazisha. "Walikunywa kombe huko Brazil?" Ndiyo baba. "Utumwani?" Ndiyo. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nipe majina yao, niwasomee." Nikamtajia niliyoyashika: Bilal, Ahuna, Sanim, Dandará, na Manoel Calafate, ambaye jina lake jingine sikulipata. Akayaandika kwenye daftari la chuo.

Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Wazazi wangu walitoka kwa miguu, alhamdulillah wako hai. Daftari lilibaki.

Mwezi uliopita baba alinipigia, akasalimia watoto, akauliza bei ya unga, halafu akasema, "Yale majina ya wale watu, niandikie tena." Nimemwandikia.