Shangazi, Subiri Kiangazi

Niliacha chuo mwaka wa pili, na mpaka leo shangazi huniuliza, "Sasa utaonyesha nini?" Haya, cheki hii. Kiangazi cha 2018 Uingereza ilikauka, na wanaakiolojia wakiwa ndegeni wakaona mistari ya kijani mashambani. Baadhi ilikuwa mitaro ya wakulima wa enzi ya Warumi. Mtaro uliofukiwa hushika unyevu, so mimea juu yake hubaki kijani. Juu ya msingi wa mawe inanyauka mapema. Ukichimba unapata vigae vya vyungu, hata vile vyekundu vya kung'aa vilivyotoka Ufaransa, na hivyo ndivyo hukuambia ni miaka gani. Wengi wao hawakuacha jina wala karatasi. Walichimba tu. Manze, hata mimi nachimba. Shangazi, subiri kiangazi.