Mkono Usiosikia Moto

Mhariri wa gazeti letu ametutaka tuandike habari ya jambo tulilojifunza darasani likatufaa nyumbani. Mimi nitaeleza habari za mkono wa babu yangu. Katika habari hizo limo kosa langu mwenyewe, wala sitalificha.

Nilipokuwa mdogo, babu alikuwa shujaa wetu. Sufuria ikichemka, bibi alihangaika kutafuta kitambaa cha kuipulia, lakini babu aliishika kwa mkono mtupu, akaitua chini polepole kana kwamba ametoka nayo kisimani. Sisi watoto tulipiga makofi. Niliwaambia wenzangu kuwa babu yangu ana dawa ya moto, nao wakaniamini.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, siku moja nilikuwa nikimsugua mgongo. Nikaona baka lililopauka, ukubwa wake kama kiganja. Nikamwuliza kama linawasha.

"Haliwashi wala haliumi," akasema. "Kisichouma si ugonjwa. Usimwambie mama yako, mjukuu wangu. Watu wana maneno."

Nikanyamaza. Kwa kweli nilijiona mkubwa, kwa kuwa nimepewa siri ya mtu mzima. Nikaja huku shule, na siri nikaja nayo. Kila likizo nilipokwenda nyumbani nilikuta jambo jipya: mara kidonda kwenye kidole, mara malengelenge ambayo babu hakujua yametoka wapi, mara kidole kidogo kimejikunja kisikunjuke. Babu alisema ni uzee. Nami nikakubali, maana kukubali kulikuwa rahisi.

Basi, tulipofika Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Baiolojia alituchorea neva ubaoni. Alisema neva ni kama waya zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Nyingine ni nene, nazo zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Habari ndani yake huweza kukimbia mita 100 kwa sekunde moja. Hizi ndizo zinazoamrisha misuli, na kutujulisha tumegusa nini. Nyingine ni nyembamba, hazina mayelini, na habari yao huenda kiasi cha mita 1 tu kwa sekunde. Miongoni mwa hizo zimo zinazoleta habari za moto na maumivu, na zinazoitoa ngozi jasho. Ala ikiharibika, habari huchelewa au hupotea njiani. Neva yenyewe ikifa, mkono upo, lakini ubongo hauna habari nao.

Kisha akasema, "Upo ugonjwa ambao mdudu wake huingia katika seli hasa zinazozifunika neva, zile ziitwazo seli za Schwann. Nao ni ukoma." Akaeleza kuwa mdudu huyo aligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kwa hiyo hushambulia neva zilizo karibu na ngozi: za kiwiko, za karibu na goti, na za uso. Huzaliana polepole mno, hata dalili huweza kukawia miaka 5, pengine 20. Mgonjwa hupata baka lisilosikia, halafu ganzi, halafu vidole hujikunja kwa kuwa misuli haipati amri tena. Vidole havili ukoma wenyewe. Huliwa na moto, miiba na vidonda ambavyo mwenyewe havijui.

Wenzangu waliendelea kuandika. Kalamu yangu ilisimama. Niliiona ile sufuria, na sisi tukipiga makofi.

Shule ilipofungwa nilimweleza mama yote kabla sijatua sanduku. Babu alikasirika sana. "Nilikuamini," akaniambia, na kwa siku mbili hakunijibu salamu. Siku ya tatu akavaa kanzu yake, akasema, "Twende."

Mganga wa zahanati alimfumbisha macho, akamgusa kwa unyuzi wa pamba, akimtaka aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Mkono wa kushoto alipatia kila mara. Wa kulia, pamba ilipita upande wa kidole kidogo, naye akangoja tu. "Mbona huanzi?" akauliza. Mama akageuza uso.

Dawa alipewa bila malipo. Ni mchanganyiko wa dawa, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1981, kwa sababu mdudu alikuwa ameanza kuizoea dawa moja peke yake. Wenye ugonjwa mdogo huzitumia miezi 6. Babu alizitumia miezi 12, asikose hata siku moja. Mganga alitueleza kuwa mtu akianza dawa, haichukui muda ataacha kuambukiza, na kwamba watu wengi miili yao humshinda mdudu huyo hata wasiugue. Hapakuwa na haja ya kumtengea babu sahani, wala hatukumtengea.

Babu amepona, lakini kidole hakikunyooka. Mganga alisema neva iliyoumia karibuni, kabla ya miezi 6 kupita, huweza kupona ikitibiwa. Mimi nilinyamaza zaidi ya miaka miwili. Hesabu hiyo sihitaji mwalimu wa kunisahihishia.

Siku hizi mipini ya sufuria zote nyumbani imefungwa vitambaa. Jioni babu huloweka mkono katika maji, hupakwa mafuta kwa kuwa ngozi isiyotoa jasho hupasuka, kisha nami, nikiwapo nyumbani, huukagua kwa taa, kidole kwa kidole. Macho yangu hufanya kazi iliyoachwa na neva zake. Jana ya kurudi shule aliniambia, "Ungenisaliti mapema, mjukuu wangu, ungekuwa umenitendea wema."

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu wasomaji, mkiona baka lisilosikia, juu ya mwili wenu au wa mtu mnayempenda, msifurahi kwamba haliumi. Semeni siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne